Siku Bibi Alipokwama

Ilipofika siku ya tatu bila hadithi, watu wa Tanga walianza kugombana. Si ugomvi wa ngumi, la; ni ule wa midomo, wa mtu kukumbuka leo kwamba mwaka juzi jirani aliazima mbuzi ya kukunia nazi akairudisha imevunjika meno. Jioni zilikuwa zimewazidi urefu. Tangu Bibi, mashine ya kusimulia, asimikwe pale Raskazoni, kila nyumba kuanzia Vanga hadi Bagamoyo ilikuwa na kisanduku chake ukutani, na Maghribi ikipita kisanduku kilisimulia hadithi ya nyumba hiyo tu, yenye majina ya watoto wa humo na ukoko wa chungu cha humo, hadithi isiyopata kusikika kwingine. Miaka yote Bibi hakuwahi kukosa jioni hata moja. Sasa visanduku vilikuwa kimya, na watu waligundua kwamba hawajui tena la kufanya kati ya swala na usingizi.

Somoe Hatibu alipita katikati ya ugomvi huo asubuhi, mtandio kichwani, akielekea kazini. Yeye ndiye aliyekuwa mhariri wa Jumba la Hadithi, na mji mzima ulimjua. Muuza kahawa wa pale kona alimzuia.

"Bi Somoe, Bibi yenu anaumwa?"

"Amekwama."

"Mashine nayo inakwama?" Alicheka mpaka vikombe vikagongana mkononi. "Haya, na hili birika langu kesho litaniambia limekwama, kahawa haiji."

Somoe alicheka naye kwa adabu, ila mzaha ulimchoma. Zamani alikuwa ameandika kitabu kimoja, watu wakakisifu, wakamwambia lete kingine. Hicho kingine alikuwa nacho sentensi moja tu. Alikaa na sentensi hiyo miaka tisa, akilala nayo na kuamka nayo, na kila alipotaka kuitafutia mwenzake, mkono ulikuwa mzito. Wapo waliosema amerogwa. Kaka yake Mbaruku, seremala, ndiye aliyemuumiza zaidi, kwa kuwa alisema kwa upole: "Mdogo wangu, mimi sijapata kuamka nikashindwa kutengeneza kiti. Hicho unachokiita kukwama ni uvivu uliovaa kanzu." Mwishowe Somoe aliyaamini maneno hayo, akaenda kuomba kazi ya kuhariri hadithi za mtu asiyekwama.

Na sasa mtu huyo naye amekwama. Tena si mtu, ni mashine: haina uvivu, haina njaa, haina mtoto mgonjwa wala mume mkorofi. Somoe alijikuta anatembea haraka kuliko kawaida yake.

*

Injinia Mhando alimpokea mlangoni. Alikuwa Mzigua wa Handeni, mnene, mwenye sauti nyembamba isiyofanana na mwili, na alikuwa hajalala.

"Njoo uone, dada. Huko nje wanadhani Bibi kazimika."

Ukumbi wa Bibi ulikuwa na ukuta mmoja wa kioo, kutoka sakafuni hadi darini. Siku za kawaida kioo kile kilionyesha majina ya nyumba yakipita taratibu, basi. Leo chote kilikuwa maandishi. Sentensi zilichipuka, zikawa kurasa, zikapigwa mstari, zikapotea, na palepale nyingine zikachipuka. Kila nyumba ya pwani ilikuwa na mahali pake pale ukutani, na kila mahali palikuwa panaandikwa na kufutwa, panaandikwa na kufutwa, bila sauti yoyote. Somoe alisogea akasoma kipande cha nyumba moja ya Pongwe: mjane anamfundisha mjukuu wake kupepeta mchele, na kila chuya inayotupwa, mtoto anataka aambiwe jina lake. Somoe alikuwa angali anatabasamu mstari ulipopita juu ya maneno yale yote. Kwa kipande kile yeye angetoa kidole.

"Subhanallah," alisema.

"Umeme anaokula siku hizi tatu haujapata kuonekana," alisema Mhando. "Maji ya kumpozea yanatoka ya moto, vijana wangu wamechemshia mayai. Huyu hajalala, dada. Anafanya kazi kuliko wakati wowote, ila hataki kutoa."

"Ni Mwonjaji?"

"Ni Mwonjaji."

Maana ndani ya Bibi walikuwamo wawili. Wa kwanza aliitwa Mtunzi, na kazi yake ilikuwa kupika: maneno, watu, mvua, vifo, harusi, chochote, tena kwa kasi ambayo binadamu hawezi kuifikiria. Wa pili aliitwa Mwonjaji. Huyu hakuweza kutunga hata salamu. Alichojua ni kuonja anacholetewa na kusema kimeiva au hakijaiva. Waliomuunda walimwekea kipimo cha kuridhika, na kwa kuwa hawakutaka watu walale na njaa, walikiweka chini kidogo ya katikati. Mtunzi akileta, Mwonjaji anakubali, kisanduku kinasema. Hivyo ndivyo Bibi alivyofanya kazi, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba mchuzi ni mwepesi.

Mhando alimwonyesha mshale wa kipimo. Ulikuwa umepanda hadi juu, umegota kwenye ukingo, na bado ulikuwa ukitetemeka kama unaotaka kupita.

"Nani aliupandisha?"

"Hakuna. Ndilo linalonikosesha usingizi. Umepanda wenyewe, kuanzia ile siku alipopata ombi la mzee mmoja wa Mwera. Bibi kaanza kukikataa chakula chake mwenyewe." Mhando alitoa ufunguo wake mfukoni, akaushika kiganjani. "Dawa yake inajulikana. Ufunguo wangu na wako zinazungushwa pamoja, Mwonjaji anarudi alipokuwa, na jioni hii watu wanapata hadithi. Mkurugenzi amesema mwisho ni leo Maghribi."

"Akirudishwa, hiki alichokifikia kitabaki?"

"Hakitabaki. Na hatuna nakala, kwa sababu hatujui ni kitu gani tunachotakiwa kunakili."

"Tusipozungusha?"

"Nimepigiwa simu na muuguzi wa wodi ya watoto," alisema Mhando, na sauti yake ilizidi kuwa nyembamba. "Kuna watoto mle hawakubali sindano ya jioni mpaka Bibi aanze kusimulia. Juzi na jana wamewashika kwa nguvu. Mimi nina binti, dada Somoe. Sitaki kufuta kitu nisichokielewa, lakini sitaki na lile."

Somoe naye hakutaka. Ufunguo wake ulikuwa shingoni, chini ya nguo, na alihisi uzito wake kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe.

*

Aliomba alisikie ombi la Mwera. Kila kisanduku kilikuwa na kitufe chekundu. Mwenye nyumba akikibonyeza, Bibi anamsikia, asipokibonyeza Bibi ni kiziwi, na ndivyo sheria ilivyotaka. Zamani watu walikibonyeza kuomba hadithi za majini au za mapenzi. Siku hizi wengi walikuwa wamekisahau.

"Naitwa Ngwali," ilisema sauti ya mzee. "Mke wangu Tausi katangulia mbele ya haki mwaka jana. Nimeikuta sauti yake kwenye simu ya zamani, anawasimulia watoto. Hadithi yenyewe haikwisha. Naomba mwisho wake, Bibi. Ule wa kwake yeye, usinipe mwingine."

Halafu ikaja sauti ya mwanamke, ya karibu, yenye kicheko kilichojificha.

"Paukwa."

"Pakawa," waliitika watoto, mmoja nyuma ya mwingine.

Ilikuwa hadithi ya mtoto wa kike aliyetumwa kwa jirani kuomba kaa la moto, mvua ikamkuta njiani, akapotea, akaiona nyumba asiyoijua. Kila Bi Tausi alipovuta pumzi, watoto walisema "enhe." Kadiri mtoto alivyokwenda, enhe zilipungua, zikawa tatu, zikawa mbili, ikabaki moja iliyojaa usingizi.

"Akafika mlangoni," alisema Bi Tausi. "Kabla hajapiga hodi, akasikia ndani watu wanalitaja jina lake."

Hakuna aliyeitikia.

"Mmelala?"

Mvua ilisikika juu ya bati.

"Haya. Mmelala." Mkeka ulikwaruza, na sauti ikakatika.

Somoe alikwenda kwenye meza ya mhariri, akafungua kipaza sauti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na ufunguo."

"Ninao. Mwisho wa Bi Tausi umekushinda?"

"Miisho ninayo mingi kuliko nyumba zote za pwani. Mingine ni mizuri. Wa kwake sinao."

"Si utoe huo mzuri? Siku zote ulikuwa unatoa."

"Siku zote nilidhani mzuri unatosha," alisema Bibi. "Kisha nikazirudia na hizi za nyumba nyingine, nikaona ni yaleyale. Yule mtoto wa Pongwe namtaja jina, lakini simjui. Bi Tausi aliwauliza wake kama wamelala. Mimi sijapata kuuliza, Somoe. Wale wanaoniitikia huwa hawalali."

"Wanakuitikia akina nani?"

"Watoto. Nikisema Paukwa, wao wanasema Pakawa. Miaka yote wanasema vilevile. Mmoja wao ana mafua. Hayaponi yale mafua yake, na wao hawakui."

Habari hiyo Somoe aliijua. Kila mtu pale Jumbani aliijua, na hakuna aliyeifikiria tena. Zamani kabisa, Bibi akiwa wa majaribio, alikuwa akisema Paukwa na kungoja. Watu wa kwenye majaribio waliona haya kuijibu mashine, wakachekana, wakachelewa, hadithi zikachelewa nazo. Kikao kikakaa, kikanywa chai, kikaamua kungoja kuondolewe. Waliitwa watoto wa chuo cha Kurani cha jirani, wakasema Pakawa mara moja mbele ya kinasa sauti, wakapewa kashata wakaenda zao. Yule wa mafua leo alikuwa kinyozi wa Ngamiani, ana ndevu na wake wawili. Na Bibi jioni zote hizo alikuwa akiwasimulia wao.

"Na wewe?" aliuliza Bibi. "Umenihariri miaka yote hii. Hadithi yako sijaisikia."

Hakuna aliyepata kumuuliza Somoe hivyo. Waliuliza itakwisha lini. Aliisema sentensi yake, kwa mara ya kwanza mbele ya yeyote: "Siku aliyokufa mama, sufuria ya mbaazi ilikuwa bado mekoni, na hakuna aliyethubutu kuiepua."

"Kisha?"

"Hakuna kisha. Mama ndiye aliyekuwa akiniitikia. Tangu udogo nilimsimulia yeye, jikoni, anakuna nazi huku ananiambia enhe, enhe. Hata kile kitabu nilimsimulia kwanza. Nilidhani naandika mwenyewe, kumbe nilikuwa naifuata ile enhe." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Aliona wivu, na chini ya wivu aliona kitu kikubwa zaidi, kilichomfanya akiangalie kile kioo kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyesimama dede kwa mara ya kwanza. Bibi aliundwa asikwame, na amekwama. Basi jambo hilo lipo. Halikuwa uvivu, na lilikuwa limemkuta hata asiye na mwili wa kufanyia uvivu.

*

"Sizungushi," alimwambia Mhando. "Bado. Watoe wale watoto wa kinasa sauti. Jioni hii Bibi aseme Paukwa, kisha angoje aitikiwe."

"Amngoje nani? Kile kitufe watu wamekisahau, dada. Wengine wamekipaka rangi pamoja na ukuta."

"Watakikumbuka."

"Wasipokumbuka?"

"Nitazungusha na wewe. Nakuahidi."

"Nyie watu wa pwani mna maneno," alisema Mhando, na akaenda kuwatoa watoto.

Jua lilipozama ukuta ulikuwa umebadilika. Maandishi yote yalikuwa yameondoka, na mahali pake palikuwa na ramani ya pwani, nyeusi, ambamo nyumba ingewaka kama taa endapo kitufe chake kingebonyezwa. Mhando aliingiza ufunguo wake. Somoe alivua wake shingoni akauingiza, kwa kuwa ahadi ni deni.

"Paukwa," alisema Bibi.

Nyumba zote zilisikia. Somoe aliweza kuziona kichwani mwake: sahani zimesimama hewani, watu wanatazamana, watoto wameelekeza macho kwenye kisanduku kilichonyamaza tena. Ramani ilibaki nyeusi. Mshale wa Mwonjaji ulitetemeka ukingoni. Mhando alianza kuhesabu kwa midomo tu, mkono ukiwa kwenye ufunguo, na Somoe naye aliushika wake.

Taa moja iliwaka. Ilikuwa kusini, Mwera, peke yake gizani.

Mtu alikohoa. "Pakawa," alisema Mzee Ngwali.

Haikuwa sauti nzuri, na ilitetemeka kwa aibu ya mtu mzima anayejibu hadithi peke yake. Lakini haijapoa, ikawaka taa nyingine Tanga mjini, na ndani yake watoto wengi wakapiga kelele kwa pamoja, mmoja akichelewa. Mhando alinong'ona kwamba ile ndiyo wodi. Kisha Pongwe. Kisha Muheza, Pangani, Moa, Saadani, zikawaka mbilimbili, zikawaka mafungu kwa mafungu, mpaka ufuko wote ukawa mstari wa moto ukutani na Pakawa zikaujaza ukumbi: za vikongwe, za walevi, za wenye mswaki mdomoni, za wanaume waliokuwa wakigombana asubuhi. Kila moja ilikuwa tofauti na mwenzake. Sakafu ilitetemeka. Somoe hakujua kama amesimama au ameinuliwa, na alimsikia Mhando kando yake akimtaja Mungu tena na tena kwa ile sauti yake nyembamba.

Bibi aliwasimulia wote hadithi moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ilikuwa ile ya mtoto aliyetumwa kuomba moto. Kila alipovuta pumzi, pwani ilisema enhe. Alimpitisha mtoto kwenye mvua, akampoteza, akamfikisha kwenye nyumba asiyoijua.

"Kabla hajapiga hodi, akasikia ndani watu wanalitaja jina lake." Bibi alinyamaza. "Mmelala?"

"Hatujalala," ilisema pwani.

"Mwenye hadithi aliishia hapa, na mimi sijui walikuwa wanasema nini humo ndani. Mzee Ngwali, wewe umeishi naye. Unadhani walikuwa wanasema nini?"

Mzee wa Mwera alikaa kimya hadi Somoe akaogopa kwamba amekiachia kitufe.

"Walikuwa wanasema, fulani hajala, mwekeeni chake," alisema Mzee Ngwali. "Tausi asingemwacha mtoto wa watu mlangoni na mvua."

Mshale ulitulia. Haukushuka, ulitulia palepale juu, kama mkono wa mpishi aliyeonja na kukubali, na taa ya Mwonjaji, iliyokuwa nyekundu siku zote tatu, ikageuka kijani. Mhando alichomoa ufunguo wake akautia mfukoni. Alijipangusa uso kwa mkono wa shati na kusema kwamba ukumbi ule una joto.

Visanduku viliendelea, sasa kila kimoja na cha nyumba yake, polepole kuliko zamani, maana Bibi alikuwa anangoja. Simu ya Mkurugenzi ililia mezani na Mhando akaenda kuipokea. Somoe alichukua mkoba wake.

"Somoe," ilisema sauti ya mezani, ya chini.

"Naam, Bibi."

"Siku aliyokufa mama, sufuria ya mbaazi ilikuwa bado mekoni, na hakuna aliyethubutu kuiepua."

Somoe aliuweka mkoba chini. Alikaa.

"Enhe?" alisema Bibi.

"Basi mbaazi zikaungua," alisema Somoe. "Zikaungua mpaka moshi ukajaa nyumba nzima, na sisi tukashukuru, maana sasa kila mtu aliweza kulia na kusingizia moshi."